Mkono wangu unaniambia injini inachechemea, fundi anasema ni nzima

BARUA

Ami, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mkazi wa Malindi, fundi wa kushona viti vya magari. Tuktuk nyingi unazoziona zikipanda na kushuka hapa mjini, viti vyake vimepita chini ya cherehani yangu. Ni kiziwi. Nilizaliwa nikisikia, kisha homa ya uti wa mgongo ikanichukulia masikio nikiwa na miaka 9, ndiyo maana Kiswahili hiki unachokisoma ni cha mtu aliyekisema kabla ya kukiandika. Nalitaja hili mapema kwa kuwa watu wengi wakishaona neno kiziwi hawaoni tena kilichoandikwa chini yake, nami leo nimekuja na maswali ya gari.

Marehemu baba alikuwa dereva wa matatu. Alikuwa na Peugeot 404 pikapu, Pijo kama tulivyoiita, mabenchi mawili nyuma na turubai juu, njia ya Malindi, Mambrui hadi Gongoni. Alikuwa akizitaja Safari Rally ilizoshinda 404 kama mtu atajaye miaka waliyozaliwa wanawe: 1963, 1966, 1967, 1968. Nilipotoka hospitali nyumba nzima ililia. Niliona vinywa vimefunguka na mashavu yamelowa, wala hapana sauti. Baba hakulia. Alinibeba akanikalisha kiti cha mbele, akawasha injini, akakichukua kiganja changu akakibandika juu ya dashibodi na kukikandamiza kwa mkono wake. Halafu akakanyaga mafuta polepole. Nikahisi mtetemo ukipanda kutoka vidoleni hadi kiwikoni, akaachia, ukashuka. Kila alipobadilisha gia alinitazama usoni, nami namwonyesha kwa vidole: moja, mbili, tatu. Tulipofika daraja la Sabaki sikukosea hata gia moja.

Tangu siku hiyo ninapenda magari, na zaidi nayapenda ya zamani yaliyobuniwa na watu ambao hawakuogopa kuchekwa. Nina daftari la picha nilizokata magazetini tangu utotoni. Imo Citroën DS ya mwaka 1955, ambayo ukiiwasha inajiinua kutoka chini kama ngamia. Imo Isetta ya Waitaliano, mlango wake mmoja tu na uko mbele usoni, ukiufungua usukani unatoka nao. Imo DAF ya Uholanzi inayoendeshwa kwa mikanda badala ya gia, yenye uwezo wa kurudi nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Magari haya yanafanya kazi mahali ambapo jicho linafika. Naweza kukaa nalo moja siku nzima nikalielewa, na hakuna mtu wa kunifasiria.

Sasa lipo moja hapa Malindi, Renault 4, chini ya mwarobaini kwenye nyumba moja ya Casuarina. Niliitwa kupima turubai la kulifunika. Ami, nilipolizunguka nilisahau kilichonipeleka. Mkono wa gia umechomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli, unavutwa na kusukumwa. Vioo vya milango havishuki, vinatelezeshwa kando. Viti ni mabomba membamba na kitambaa kilichovutwa kwa mipira, kazi safi ambayo ningeweza kuirudisha upya kwa siku mbili.

Nikapima. Kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma upande wa kulia, nikaandika. Nikaenda upande wa kushoto, hesabu ikakataa. Nikadhani futi kamba imelegea. Nikarudia mara ya pili na ya tatu nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga. Upande mmoja umeuzidi mwingine kwa karibu sentimita 5. Hapo moyo ukaanguka. Je, gari hili lilipata ajali, chesisi ikapinda?

La pili. Mlinzi wa nyumba alimwita fundi wake, injini ikawashwa, fundi akaniinulia kidole gumba na kunionyesha sikio lake kwamba inalia vizuri. Mimi nikaweka kiganja juu ya mbawa ya mbele. Nilihisi mipigo mitatu, kisha pengo. Mitatu, pengo. Kama mtu anayechechemea. Nikamwandikia fundi kwenye simu, akatikisa kichwa, akacheka na mlinzi. Nimelala siku nne nikijiuliza kama mkono wangu unanidanganya kwa kuwa ninalitaka gari hili mno, au kwa kuwa naogopa.

Nyumbani nako kuna vita. Leseni ninayo, na mwaka wa saba huu naendesha gari dogo la kubebea mizigo la mshirika wangu bila kumgusa mtu. Lakini kaka yangu mkubwa anasema gari la kizamani hujulikana ugonjwa wake kwa sikio, na mimi nitaendesha hadi injini iyeyuke bila kujua. Anataka ninunue gari la Kijapani la miaka ya karibuni lenye kila kitu. Mama haongei mengi, anaishika mikono yangu tu na kutikisa kichwa. Nampenda mama yangu na sitaki alale akiniwazia.

Bei ni shilingi 240,000. Nimeshatoa arabuni ya 30,000 kwa yule mlinzi. Mwenye gari, mzee wa Kiitaliano, alifariki mwaka jana huko kwao, na watoto wake wamempigia mlinzi simu wakamwambia auze. Logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ipo, nimeiona, ina jina la marehemu.

Nifanyeje, Ami?

Mshona Viti, Malindi

JIBU LA AMI

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliishia pale daraja la Sabaki nikaiweka chini kwanza. Mungu amrehemu baba yako. Nimefanya kazi gereji zaidi ya miaka 40 na sijapata kuona mwalimu wa injini aliyefundisha vizuri kuliko hivyo.

Nianze na lile jepesi ili upate usingizi. Gari halikupinda. Renault 4 zote ziko hivyo, tangu ilipotoka ya kwanza mwaka 1961. Springi za nyuma za gari hili si za koili wala za majani. Ni vyuma virefu vya kujisokota vilivyolazwa chini ya sakafu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Viwili hivyo haviwezi kulala mahali pamoja, basi kimoja kikawekwa mbele na kingine nyuma yake. Gurudumu nalo likafuata chuma chake, ndiyo ukapata upande mmoja mrefu kuliko wa pili kwa karibu sentimita 5. Waliolibuni waliona haimdhuru mtu, wakaliacha hivyo na wakauza zaidi ya magari milioni 8. Mafundi wangapi wamelala chini ya gari hilo wasilione hilo? Wewe umelipata kwa futi kamba ya kushonea turubai, tena ukapima mara tatu kabla ya kusema. Likumbuke hilo tukifika kwenye suala la mkono.

Na mpini wa mwavuli uliokupendeza una sababu yake vilevile. Kwenye gari hilo giaboksi iko mbele ya injini, karibu na pua. Kuupeleka mkono wa gia sakafuni kungekuwa safari ndefu ya vyuma, kwa hiyo waliipitisha fimbo moja juu ya injini moja kwa moja hadi dashibodini. Fungua boneti utaiona. Mtu akisukuma gia ndani ya gari, wewe uliyesimama nje unaiona fimbo ikienda na kurudi. Nimekuelewa uliposema gari la aina hii hufanya kazi mahali jicho linapofika.

Sasa mkono. Injini hiyo ina silinda nne, na kila crankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili, kila silinda hupiga mara moja. Ikiwa nzima utahisi mipigo minne iliyolingana, bila kituo. Mitatu na pengo ni silinda moja imekufa au inakufa. Hayo hayahitaji tafsiri, mwanangu. Mkono wako umesema kweli na yule fundi ama hakusikiliza ama alisikia akanyamaza. Pengo kama hilo hata mwenye masikio mazuri huweza kulikosa, hasa pakiwa na bomba la moshi lililotoboka linalopiga kelele juu yake. Mimi mwenyewe, kwa miaka mingi ya kugonga vyuma na kukaa karibu na mashine ya kusaga, sikio langu la kushoto halinipi kitu tena. Siku hizi nikitaka kuwa na hakika na injini, naweka kiganja. Usimwachie mtu yeyote akucheke mbele ya kitu unachokihisi.

Usibishane naye, mwonyeshe. Injini ikiwa inazunguka, avae glavu ya mpira au ashike koleo lenye mpini wa plastiki, achomoe waya wa plagi moja baada ya nyingine. Wewe weka kiganja palepale ulipokiweka. Akichomoa waya wa silinda nzima, mtetemo utazidi kuwa mbaya. Akichomoa wa silinda iliyokufa, hutahisi mabadiliko yoyote. Hiyo ndiyo yenyewe. Toa plagi yake uitazame. Rangi ya kahawia iliyopauka ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu, kabureta inamwaga petroli kupita kiasi. Nyeusi yenye unyevu wa oili, oili inapanda. Ikiwa inang'aa imelowa petroli tu, basi cheche haiji, na huenda shida ni plagi, waya au pointi, mambo ya shilingi elfu chache.

Lakini kabla hujafurahi, mwambie apime kompreshoni, yaani nguvu ya mkandamizo, ya silinda zote nne. Ni geji inayoshindiliwa kwenye tundu la plagi, na namba utazisoma wewe mwenyewe. Tatu zikikaribiana na moja ikaanguka chini sana, mimina kijiko cha oili kwenye tundu hilo, mpime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gaskiti ya kichwa. Hapo bei ya 240,000 si bei tena, maana kichwa kitashuka.

Na hapa nina zawadi ya maneno kwako, ambayo ningependa kila fundi kiziwi wa pwani aipate. Tafuta geji ya vakyumu. Inaunganishwa kwa mpira mwembamba kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, nayo hupima mvuto wa injini. Mengi ambayo mafundi wa zamani waliyasikia kwa masikio, sindano hiyo inayaonyesha. Injini nzima ikizunguka taratibu, sindano husimama kimya kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Nairobi ingeshuka kama inchi 5 kwa sababu ya mwinuko, ila Malindi tuko usawa wa bahari, soma namba kama zilivyo. Ikiruka chini kwa mpangilio, ruka, tulia, ruka, tulia, mara nyingi ni valvu moja iliyoungua. Ikielea juu na chini polepole kama ngalawa kwenye maji yaliyotulia, rekebisha kabureta. Ikisimama imara lakini chini ya kawaida, tazama taiming, yaani wakati cheche inapopiga. Nayo taiming yenyewe hupimwa kwa taa ya kumulika, kazi ya jicho mwanzo hadi mwisho.

Kwa vyuma vya ndani, chukua bisibisi ndefu, ncha yake iguse injini mahali unapopashuku, mpini uufumbate, na uangalie usikaribie feni na mkanda. Mafundi wengine huuweka mpini sikioni. Wewe uweke kiganjani. Valvu zilizolegea hugonga kidogokidogo juu, mara moja kwa kila mizunguko miwili ya crankshafti. Beringi iliyokwisha hugonga zito, chini, mara moja kwa kila mzunguko, na huzidi injini ikibeba mzigo. Ukishazishika mara tatu nne hutazichanganya.

Nimwendee kaka yako. Ananifanya nimheshimu kwa kuwa anakuogopea, lakini hoja yake imekaa kichwa chini. Hebu akae ndani ya hilo gari la Kijapani analokutakia na afikirie ni nini kinachomwonya dereva. Mkanda haujafungwa, linalia. Mlango uko wazi, linalia. Umerudi nyuma karibu na ukuta, linalia, tena linalia haraka zaidi kadiri unavyosogea. Gari la kisasa limefungwa vizuri lisitetemeke, likazibwa vizuri lisinuke, kisha onyo lote likatiwa kwenye spika. Taa zipo, lakini ni ndogo na zimejaa dashibodi nzima. Renault 4 haina pazia kati yako na injini. Klachi ikianza kuteleza utaihisi mguuni. Beringi ya gurudumu itakujia kwenye kiti kabla haijafika sikio la mtu. Mkanda unaoungua na maji yanayovuja vina harufu. Kiziwi aliyefunzwa mtetemo akiwa na miaka 9 ana haki ya kudai kwamba gari kongwe ni rafiki yake zaidi kuliko jipya.

Kimoja tu nakubaliana naye. Magari ya aina hiyo mengi hayakupewa geji za kutosha, na joto la Malindi halina huruma. Weka geji ya joto la maji na ya presha ya oili, ziwe kubwa, ziwekwe juu ya dashibodi mahali macho yanapopita kila mara, kila moja na taa nyekundu yake. Fundi umeme wa gari atazifunga kwa nusu siku. Ongeza kioo kipana cha ndani na vioo vya nje pande zote mbili, kwa sababu tuktuk na bodaboda hutangaza ujio wao kwa honi, na kwako honi ni lazima iwe kioo. Kwenye kinga ya jua bandika kadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: "Mimi ni kiziwi. Tafadhali niangalie usoni au andika." Askari akikusimamisha usiku kule Gede au Watamu, ishushe aione kabla hujapeleka mkono mfukoni. Na ukumbuke kwamba Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inakupa haki ya kutumia lugha ya ishara.

Sasa sogea karibu, kwa maana nimeacha kwa makusudi lile lililonikosesha raha.

Umeuliza kuhusu chesisi, silinda na mama. Arabuni uliitaja kwa mstari mmoja kama kitu kilichokwisha. Mwanangu, hapo ndipo penye shimo. Mkono wako unaweza kuhisi valvu iliyoungua lakini hauwezi kuhisi karatasi.

Mzee huyo amefariki, gari lina jina lake. Kwa sheria ya Kenya gari hilo sasa ni mirathi. Mlinzi si mwenye gari. Watoto nao, hata wakiwa wanapendana na wote wamekubali, simu yao haitoshi. Anayeweza kukuuzia ni mtu aliyepewa na mahakama hati ya kusimamia mali ya marehemu, kwa wosia kama upo au bila wosia kama haupo. Kabla ya hapo, mtu akijichukulia mali ya marehemu akaiuza, sheria inaliita kosa. Na wewe utabaki na nini? Gari usiloweza kulihamishia jina lako NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari. Utalikatia bima kwa jina la nani? Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kisheria. Siku mtoto mmoja wa mzee atakaposhuka uwanja wa ndege wa Malindi na kusema mimi sikukubali, utalitoa gari, na viti vyako ulivyovishona vitakwenda nalo.

Najua kinachokusukuma. Gari kama hilo haliletwi tena. Kanuni zetu haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo anayetaka Renault 4 hana budi kulitafuta chini ya miti ya hapahapa, na kila mwaka miti hiyo inabaki mitupu zaidi. Mtu akiona moja hufumba macho kwa upande wa makaratasi. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakifanya hivyo.

Kwa hiyo usitoe shilingi nyingine. Mwendee mlinzi na shahidi, mtu mzima anayeheshimika mtaani, na umwombe akuandikie kwamba amepokea 30,000, tarehe, namba ya gari, jina lake na namba ya kitambulisho, na kwamba atazirudisha mauzo yasipowezekana kisheria. Asipokubali kuandika, umeshapata jibu lako, zidai. Usiende peke yako, na mkalimani wako awe mtu unayemwamini wewe, si aliyeletwa na mlinzi. Halafu omba anwani ya wale watoto na uwaandikie. Wewe ni mwandishi mzuri. Waambie unalipenda gari la baba yao na unataka kulinunua kwa njia safi, wamtafute wakili hapa Malindi afungue shauri la mirathi. Mahakama Kuu iko hapo mjini, na Waitaliano wenye nyumba Malindi ni wengi, mawakili wamezoea mambo haya. Itachukua miezi. Wakati huo tafuta kwenye mtandao wa NTSA nakala ya rekodi za gari, uone kama halina deni lililoandikwa juu yake.

Miezi hiyo usiilalamikie, ina kazi. Mwombe mlinzi ruhusa ya kulichunguza chini. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nimekulia kisiwa cha punda, na kabla sijagusa gari niliona mafundi wa majahazi Matondoni wakipita na nyundo ubao kwa ubao kutafuta palipooza. Kwenye Renault 4 fanya vivyo hivyo. Mwili wake umefungwa kwa bolti juu ya fremu bapa, na fremu hiyo ndiyo uhai. Chumvi ya bahari huila kwa ndani, juu pakabaki rangi nzuri. Lala chali, gonga na uchokonoe kwa bisibisi, hasa nyuma pale mikono ya magurudumu inapoingia kwenye fremu. Chuma kizima hurudisha mkono, kilichooza humeza ncha. Beba na sumaku ndogo ndani ya soksi uipitishe kwenye milango na sketi. Ikiacha kushika, chini ya rangi kuna fila, ule uji mgumu wa kuzibia bati lililooza. Mwili ukiwa umeoza, utachomelewa, na vipuri vya gari hilo bado vinatengenezwa Ufaransa. Fremu ikiwa imeoza kote, nakuomba ulipige picha, uibandike daftarini, uende zako.

Bei utaizungumza upya ukiwa na karatasi ya kompreshoni mkononi.

Kuhusu mama. Sitakufundisha kumshinda mama kwa hoja, wala sipendi watoto wanaofanya hivyo. Amekuona ukiwa na miaka 9 ukitoka hospitali, na nadhani kila ukishika usukani anakuona vilevile. Muombe siku moja, asubuhi kabla jua halijawa kali, apande kwenye hilo gari dogo unaloendesha kila siku. Muendeshe hadi daraja la Sabaki, njia ya baba. Mkifika usizime injini. Chukua kiganja chake ukibandike juu ya dashibodi kama ulivyobandikiwa chako, kanyaga mafuta, umuonyeshe kwa vidole ni gia gani. Huenda hakujua kwamba baba yako alikufundisha hivyo. Wanaume wengi wa enzi yake hawakuwa wakirudi nyumbani kusimulia.

Nawe niandikie tena geji ya vakyumu ikishafungwa. Nataka kujua sindano ilisimama wapi.

Ami wako